Tumba, Dumu na Kandambili ya Baba

Ngozi ya mbuzi ikishaloa hairudi kuwa ngozi, inarudi kuwa mbuzi. Ndivyo vyumba vyetu viwili vya Mwananyamala vilivyonuka masika yale nilipokuwa na miaka kumi: harufu ya beberu aliyenyeshewa, ikichanganyika na mafuta ya taa, maranda ya mbao yaliyong'ang'ania suruali za baba, na godoro ambalo halikuwa limeonja jua kwa wiki nzima. Uani maji yalijaa mpaka ndala zikawa zinaelea zenyewe kwenda kwa jirani, kwa hiyo tumba mbili za baba ziliingizwa ndani na kupewa nafasi nzuri kuliko sie watoto. Kubwa ilikaa pembeni mwa kabati, Ndogo ikakaa kichwani mwa kitanda changu, na usiku nikigeuka vibaya paji langu la uso lilikuwa likitoa mlio. Kwa asiyezijua, tumba ni ngoma ndefu za mbao, zimenenepa katikati kama mtu aliyeshiba, ngozi iko juu tu, na mpigaji huzipiga kwa mikono mitupu. Kwetu zilikuwa kama wageni wasioaga.

Nikiri mapema kwamba mie ni mtu wa ndani. Wenzangu walipokuwa wakicheza rede na kombolela, mie nilikuwa mlangoni, nusu ya mwili ndani, nusu nje, nikisubiri mtu yeyote aseme mvua inakuja ili nipate sababu ya kurudisha ile nusu nyingine. Dada zangu wawili walijulikana mtaa mzima. Mie watu walikuja kunifahamu nilipoanza darasa la kwanza, wakamuuliza mama huyu mtoto amemtoa wapi. Mpaka leo nikialikwa sherehe namwomba Mungu inyeshe. Lakini ukaaji wa ndani una malipo yake: kila baba alipofanya mazoezi, mie ndiye niliyekuwa hadhira, na baba alipokata tamaa ya kupata mtoto wa kiume wa kumrithisha tumba, mkono wake uliniangukia mie Tatu, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa karibu.

Siku za kazi baba alikuwa seremala Manzese, akitengeneza vitanda vya futi tano kwa sita. Jumamosi na Jumapili alikuwa mpiga tumba, na tumba kwake haikuwa starehe, ilikuwa sheria. Alifundishwa na mzee mmoja mkali aliyekuwa akimpiga rula kwenye vifundo kila alipokosea, na baba, ambaye hakuwahi kumlaumu mzee yule hata siku moja, aliamini kwamba sheria zile zilishushwa zikiwa zimekamilika. Mkono wa kushoto unatembea: kiganja, ncha za vidole, kiganja, ncha za vidole. Mkono wa kulia unapiga kofi pale kofi linapotakiwa, na mwisho wa mzunguko yanakuja mapigo mawili ya wazi. Ti-ka-pa-ka, ti-ka-tum-tum. Mgongo wima, viwiko mbali na mbavu, mdomo umefungwa. Hairuhusiwi fimbo, hairuhusiwi kucha, hairuhusiwi kucheka. Nilijifunza kwa miezi minane. Mwisho wa mwezi wa nane baba alinishika mikono, akaigeuza huku na huku kama anayekagua mbao yenye fundo, akasema nina viganja vya kupozea uji. Hakusema kwa ubaya. Kwa kweli niliona nafuu.

Bendi yao ilipiga fanki. Huo ni muziki ambao gitaa la besi linatembea kama mtu aliyevaa viatu vizito, gitaa dogo linakwaruza kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na wote wanasubiriana kwenye pigo la kwanza, wakifika hapo wanakanyaga pamoja. Juu yake waliweka maneno ya kwetu, ya mapenzi na ya kuwasema wapangaji wambea. Mwenye vyombo alikuwa Braza Murtaza, kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi Manzese, ambako baba alikuwa akinunua misumari. Siku moja baba alipokuwa akisubiri chenji alipigapiga kwenye kopo la rangi bila kujitambua, na Braza Murtaza, ambaye nyumbani kwao walidhani Jumapili anakwenda kukagua stoo, akaacha kuhesabu akamkazia macho. Bendi ikazaliwa hapo. Alimwita baba Fundi, kwa heshima ya kweli, na alikuwa akija kwetu akinywa chai ya mama vikombe vitatu huku akisema anaondoka.

Masika yale alikuja na kinanda kipya amekifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Alikiweka juu ya meza yetu, akachomeka, akabonyeza kitufe kimoja cha kijani, na chumbani mwetu ikasikika tumba. Ti-ka-pa-ka, ti-ka-tum-tum. Baba aliangalia mlangoni. Nadhani alidhani kuna mtu ameingia. Braza Murtaza alicheka, halafu akaona uso wa baba, akaacha kucheka, akaanza kueleza kwa maneno mengi jambo ambalo lingetosha kuelezwa kwa machache. Kulikuwa na ukumbi Manzese uliotaka bendi ya kudumu ya bugi, yaani dansi la Jumapili mchana, ambako watu huja na watoto, hunywa soda na kurudi nyumbani jua halijazama. Tatizo, jukwaa lilikuwa dogo na msimamizi alitaka watu watano. Wao walikuwa sita.

"Fundi, mie siyo niliyejenga lile jukwaa," alisema.

Wakakubaliana hivi, au niseme Braza Murtaza alikubaliana na baba akanyamaza. Baada ya wiki tatu kungekuwa na bugi ya majaribio. Nusu ya kwanza watapiga kwa kitufe, nusu ya pili kwa baba. Kama watu hawataona tofauti, basi baba ataiachia bendi nafasi, bila kinyongo, na chai itaendelea. Braza Murtaza alipoondoka baba alikaa mbele ya Kubwa na Ndogo akaanza mazoezi, na kwa siku zilizofuata akawa anapiga kwa usahihi wa kutisha. Hakuna pigo lililowahi, hakuna lililochelewa. Mama alianza kupimia wali kwa mizunguko ya baba: ikifika mia mbili, palia mkaa juu. Wali haukuungua hata siku moja, na sote tukadhani hiyo ni dalili njema.

Katikati ya mazoezi hayo akaingia shangazi Somoe kutoka Newala, dada mkubwa wa baba, akiwa na kiroba cha korosho na karatasi ya kliniki ya macho ya hospitali. Alikuwa amemzidi baba miaka sita na hakumruhusu asahau hata dakika tano. Baba yangu, mtu wa sheria, mtu ambaye mafundi wa Manzese nzima walimwamkia, alimwinamia dada yake akasema shikamoo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtoto aliyetumwa dukani. Shangazi akaitikia marahaba, akamshika shavu mbele ya mpiga besi na mpiga gitaa waliokuwa wamekuja mazoezini, akasema, "Kitumbo, umekonda." Jina hilo lilikuwa limezikwa Newala miaka thelathini. Kufikia Jumamosi iliyofuata bendi yote ilikuwa ikimwita Kitumbo, na hakuna sheria ya tumba iliyoweza kulizuia.

Kuhusu ngoma, shangazi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwao huko, kwenye ngoma za unyago, wanawake ndio wapigaji, na yeye alikuwa akiitwa kutoka kijiji hadi kijiji mabinti wanapotolewa ndani. Siku yake ya pili tu, baba akiwa kazini, aliivuta Ndogo kutoka kichwani mwa kitanda changu, akaona ngozi imelegea kwa unyevu, akaichukua mpaka kwenye jiko la mkaa na kuizungusha uso ukiwa umeelekea moto, akiigonga kila mara kwa kidole na kusikiliza. Ngozi ikakaza polepole. Baba alikuwa akizikaza kwa spana, kwenye zile skrubu za pembeni, lakini masika spana ilikuwa ikifika mwisho na ngozi bado inalia kama mtu mwenye mafua. Baada ya moto Ndogo ililia kama mlango wa bati unaogongwa na mgeni mwenye haraka.

Halafu akaipiga. Aliiinamisha, akaibana kwa magoti, akapiga kwa mkono mmoja, na kwa kiwiko cha mkono mwingine akawa anaikandamiza ngozi ili sauti ipande, kama ngoma inauliza swali. Akalamba kidole gumba, akakisugua juu ya ngozi, na ngoma ikaguna. Ilipofika pale kwenye pigo la kwanza, ambapo fanki yote inakutana kukanyaga, yeye hakupiga kitu. Aliacha shimo. Mwili wangu, huu wa viganja vya uji, ukajikuta umeinuka kwenye kiti ili kulijaza lile shimo. Nilishtuka nikakaa.

Baba alirudi akalikuta tendo likiendelea. Sasa, mtu hamkemei dada yake mkubwa. Hilo halipo. Kwa hiyo alichofanya ni kuniita mie, nami nikiwa nimekaa katikati yao, umbali wa hatua moja kwa kila mmoja.

"Tatu, mwambie shangazi yako tumba haipigwi kwa kiwiko."

"Tatu, mwambie baba yako kiwiko changu hakijasoma, hakizijui hizo sheria."

Waliendelea hivyo zaidi ya wiki. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mie nilikuwa simu yake. Baba aliagiza kwamba tumba si chungu, haiotishwi moto. Shangazi aliagiza kwamba yeye anayapenda sana mapigo ya Kitumbo, yanampa usingizi. Nilijaribu kupunguza makali njiani, lakini si rahisi kupunguza makali ya maneno ambayo mwenyewe ameshayasikia. Mama alijifanya anachambua mchele mpaka mchele ukaisha mawe, akaanza kuutafutia makosa mengine.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Shangazi alikuwa ametoka kliniki, wamemtia dawa ya macho iliyomfanya asione kitu kwa saa kadhaa, akaketi kwenye mkeka kibarazani na kitambaa usoni. Ndani bendi ilikuwa inafanya mazoezi na Braza Murtaza akitumia kitufe chake. Baba alitoka na kikombe cha chai akasimama kando ya dada yake bila kusema. Tumba ikaendelea ndani, ti-ka-pa-ka, safi kabisa. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa sauti, akielekeza maneno chumbani, "Kitumbo, leo umepiga vizuri. Hujakosea hata kidogo."

Baba akasema yuko hapa.

Shangazi akageuza uso wenye kitambaa kuelekea ile sauti. "Sasa kama wewe uko hapa, nani yuko kule?"

"Ni kinanda, dada."

Mie nilikuwa mlangoni, kwenye makazi yangu. Shangazi alipozungumza tena hakuwa na mzaha. "Basi hicho kidude kinakupiga wewe, mdogo wangu. Kosea kidogo. Watu wajue kuna mtu."

Baba alimaliza chai, akaenda nje kuelekea barabarani ingawa hakuwa na safari, akarudi suruali imelowa hadi magotini. Kuanzia hapo ujumbe ulikoma. Hakuniagiza tena kitu chochote kwa shangazi, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimeipenda ile kazi. Alipiga tumba peke yake, kwa usahihi uleule, lakini sasa kila alipomaliza mzunguko alikuwa anasimama na kuangalia viganja vyake, kama mtu aliyeambiwa shati lake zuri ndilo wanalovaa walinzi wote mjini.

Siku tatu kabla ya bugi, Braza Murtaza, ambaye nadhani dhamiri ilikuwa inamsumbua, alileta zawadi. Aliitoa ngozi ya Kubwa iliyochoka akaivika ngozi mpya ya plastiki, nyeupe, inayong'aa. Alisema plastiki haijui mvua. Baba aliigonga, akasema asante, kwa sauti ya mtu anayepewa miwani ya marehemu. Lakini ilikuwa kweli, Kubwa ilikaza vizuri na haikuhitaji spana wala jua wala dua.

Jumapili ya bugi mvua ilianza alfajiri. Saa tano baba alikwenda kumpokea Braza Murtaza na pikapu ya dukani, mama alikuwa akinyoosha mashati kwa pasi ya mkaa, shangazi alikuwa akioga. Mie niliangalia tumba mbili, nikagonga Ndogo, ikatoa ile sauti ya mafua. Nilifikiri juu ya baba. Nilifikiri kwamba leo watu watamsikia, kisha wataambiwa wachague, na hata mie nisiyejua kupiga nilijua kwamba ngozi iliyolegea haichaguliwi. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, mama alikuwa ameshachukua makaa yake ya pasi. Nikaizungusha Ndogo mbele ya moto kama shangazi alivyofanya, nikigonga na kusikiliza, na ikaja, polepole, mpaka ikalia kama kengele. Sijawahi kujiona mtu wa maana kama dakika ile. Ubaya wa kujiona mtu wa maana ni kwamba mtu anatafuta kazi nyingine. Nikaiona Kubwa pale imesimama kwenye baridi, nikaona si haki moja iote moto nyingine iachwe. Nikailaza ubavu, uso kwenye jiko, nikasogeza karibu zaidi kwa kuwa ilikuwa kubwa.

Plastiki haijui mvua, lakini moto inaujua. Kwanza ilitoa mlio mzuri, nikafurahi. Halafu ikajikunja kama papadamu kwenye mafuta, ikapiga malengelenge, ikatoboka katikati, na tundu likawa linapanuka lenyewe bila kuniuliza. Nyumba ikajaa moshi mweusi wenye harufu ya mfuko unaoungua. Mama alikuja na pasi mkononi. Shangazi akaja na kanga na povu masikioni. Baba na Braza Murtaza wakaingia wakati ule, na sote watano tukasimama kuzunguka tumba isiyo na uso, tukiangalia ndani yake kama watu waliochungulia kisima.

Nilisubiri kipigo. Baba alichuchumaa, akatia mkono ndani ya lile tundu, akautoa. Aliniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia nilitaka kitufe kishindwe. Sikulia kwa ajili ya ngoma, nililia kwa sababu alinitazama vile alivyotazama mbao nzuri iliyopasuliwa na fundi mjinga: bila hasira, akihesabu kilichobaki. Braza Murtaza, maskini, alianza kusema kwamba labda Fundi apumzike leo, jaribio lifanyike siku nyingine, ingawa wote tulijua msimamizi wa ukumbi hakuwa na siku nyingine.

Shangazi alikwenda uani akarudi na dumu la njano la lita ishirini tulilotekea maji, akamwaga yaliyokuwemo, akabakisha kama vikombe viwili, akafunga mfuniko. Akaisimamisha Kubwa, akaliweka dumu juu ya mdomo wake mtupu. Akatazama chini, akavua kandambili mguuni mwa baba, ya kulia, ile iliyolika kisigino, naye baba akaacha mguu wake uvuliwe kama mtoto. Akapiga kwa soli. Sauti iliyotoka sitaisahau. Ilikuwa nene, ya tumboni, ikapita ndani ya Kubwa na kutokea sakafuni, na alipoisukuma Kubwa kidogo kwa goti, maji yakahama dumuni na sauti ikapanda nayo. Kwao, alituambia, ngoma ikipasuka katikati ya shughuli hawawarudishi mabinti ndani.

Baba alibaki na mguu mmoja mtupu kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa na Ndogo iliyokazwa vizuri kuliko wakati wowote. Angeweza kwenda nayo peke yake, akapiga sheria zake, akashindwa kwa heshima. Niliona akilifikiria hilo. Kisha akamgeukia dada yake, hakuniita mie, hakumwita mtu yeyote.

"Dada, twende tukapige."

"Na kiwiko?"

"Njoo nacho."

Mvua ilikatika tulipofika Manzese. Ukumbi ulijaa akina mama wenye watoto wa mikono, vijana waliochana nywele kwa mafuta, na watoto wa rika langu wakiteleza kwenye sakafu iliyolowa. Mie nilikaa chini ya meza ya soda, mahali palipofanana zaidi na nyumbani. Nusu ya kwanza bendi ikapiga kwa kitufe na mambo yakaenda vizuri, nisiseme uongo. Watu walicheza kwa adabu. Waliongea huku wanacheza, walinyonyesha huku wanacheza. Muziki ulikuwa kama feni: upo, unasaidia, hakuna anayeutazama.

Nusu ya pili baba akapanda na Ndogo. Jukwaa kweli lilikuwa dogo, kwa hiyo shangazi aliketi chini mbele yake, kwenye kigoda, Kubwa na dumu vikiwa kati ya magoti yake. Watoto walimzunguka kwa kudhani anauza kitu. Besi ikaanza kutembea, gitaa likakwaruza, baba akaingia, mgongo wima, mdomo umefungwa, ti-ka-pa-ka. Shangazi hakuingia. Alisubiri mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, kandambili ikiwa hewani, mpaka watu wa mbele wakaacha kuongea ili waone mwanamke huyu mwenye kanga anangoja nini. Alipopiga, alipiga nyuma kidogo ya pale kila mtu alipotarajia. Kina mama wawili wakacheka kwa sauti. Akapiga tena, akalisukuma dumu, likauliza swali lake. Na baba, nilimwona kutoka chini ya meza, alifunga macho, na ilipofika kwenye pigo la kwanza, ile moja ambayo fanki nzima inakanyaga, mikono yake ikabaki juu. Hakupiga. Lilikuwa kosa la kwanza nililowahi kumsikia akifanya.

Ukumbi mzima ukatumbukia kwenye lile shimo na kutoka umeruka. Sijui niseme vipi zaidi. Waliokuwa wamekaa walisimama. Mzee mmoja alimpa mke wake mtoto, mke akampa jirani, jirani akaniletea mie chini ya meza, na nilimshika mtoto nisiyemjua kwa nyimbo nne. Braza Murtaza aliacha kupiga, akaanza kubonyeza vitufe vyake kimoja kimoja akitafuta sauti ile humo ndani. Akapata treni, akapata ndege mnyama na ndege chombo, akapata makofi ya watu, dumu hakulipata. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Baba alikuwa anacheka pia, mdomo wazi, jambo ambalo rula ya yule mzee ingelimaliza siku hiyohiyo.

Msimamizi hakuuliza kuhusu idadi ya watu tena. Aliuliza kama yule mama wa dumu atakuwepo Jumapili ijayo. Alikuwepo hiyo na nyingine mbili, mpaka kliniki ikamwachia macho yake, akarudi Newala kwa sababu mavuno yalikuwa yamekaribia na mabinti wa mwaka ule walikuwa wanangoja. Braza Murtaza alimsihi abaki. Shangazi akasema bendi ina mpigaji, akamkabidhi baba dumu mbele ya wote, akaniacha mie na korosho nilizokuwa nimezimaliza kabla basi halijaondoka Ubungo.

Baba akabaki kwenye bendi miaka sita zaidi. Na msidhani alibadilika. Mwezi haukuisha kabla hajalitungia dumu sheria. Maji vikombe viwili, si kimoja na nusu. Kandambili ya kulia, iliyolika kisigino, mpya haifai. Goti lisukume, lisipige. Kijana mmoja alipokuja kujifunza na kujaribu kulipiga dumu kwa fimbo, baba alimwambia kwa uchungu wa kweli kwamba tangu zamani na zamani dumu halipigwi kwa fimbo. Mie nilikuwa mlangoni. Nilikumbuka kwamba hizo zamani zilikuwa na miezi miwili.

Leo shangazi hayupo, bendi imetawanyika, na Manzese mabasi ya mwendokasi yanapita mbele ya pale palipokuwa na ukumbi. Mie ninaishi Temeke, kazi yangu ya ushonaji naifanyia sebuleni, asanteni kwa kutoshangaa, na baba ninakaa naye. Mwaka juzi kijana wa jirani, Dulla, anayetengeneza singeli, ule muziki wa mbio, kwa kompyuta chumbani kwake, alisikia kuna mzee wa tumba, akaja na kipaza sauti. Alimwamkia vizuri, akarekodi viganja, kofi, mapigo ya wazi, na dumu. Baba alimsumbua nusu siku nzima kuhusu vikombe vya maji. Wiki iliyofuata Dulla akarudi kutusikilizisha. Alikuwa ameikimbiza ile tumba mara mbili ya mwendo wake, labda zaidi, na sasa iko kwenye nyimbo ambazo kila Jumamosi alasiri zinatikisa geti letu kutoka kwenye harusi ya mtu fulani. Zamani kitufe kilimpiga baba bila kumjua. Siku hizi kinampiga kwa kumjua, na ndiye yeye mwenyewe aliyekaa humo ndani. Wenzangu wa rika langu hulalamika kuwa vijana wameua muziki. Ningependa kuungana nao, maana kulalamika ni kazi ya kukaa, lakini nina shida moja: nayajua yale makofi.

Na baba anayajua. Jumamosi wakianza tu, anavuta kigoda mpaka dirishani, ananiambia nifunge pazia majirani wasione, anaweka viganja kwenye mkono wa kochi na kujaribu kwenda na yule wa kwenye spika. Mzunguko wa kwanza anakwenda naye. Wa tatu anaanza kuhema. Wa tano, wa sita, mgongo unapinda, vidole vinachanganyikana, ananyanyua mikono yote miwili hewani, na wimbo unampita na kwenda zake. Wiki iliyopita nilimletea maji nikamuuliza kama anachoka. Alikunywa, akasikiliza kidogo zile mbio zinavyotokomea, akasema, "Mwache aende. Yule bado kijana."